Usimvute, Muulize Anaona Nini

Mbwa wa mpwa wangu anaitwa Pilipili, na umbo lake linaenea ndani ya kapu la sokoni. Mpwa mwenyewe yuko shule ya bweni. Nilipokwenda Tabata kwa dada yangu, kazi ya kumtembeza jioni iliniangukia mimi, mtu niliyelelewa Tanga katika nyumba ambayo mbwa hakuthubutu kuisogelea baraza yake. Niliishika ile kamba kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Tulipita dukani kwa Mangi, tukaingia kichochoro chenye ukuta kila upande. Kando palikuwa na lundo la matofali la mtu aliyeanza kujenga akaishiwa. Hatua kama tano kabla ya kulifikia, Pilipili akasimama. Hakubweka. Alikaza miguu ya mbele, masikio yakaelekea lundoni, manyoya ya shingo yakasimama, na kifuani mwake ukaanza mngurumo mdogo ambao niliuhisi mkononi kupitia kamba kabla sijausikia. Nikamvuta. Akarudi nyuma. Nikamvuta tena, safari hii kwa hasira, maana magharibi ilikuwa imekaribia.

Mzee mmoja fundi viatu alikuwa anakusanya vifaa vyake mdomoni mwa kichochoro. Akaniambia, "Usimvute, mwanangu. Muulize kwanza anaona nini."

"Shikamoo, mzee. Haoni kitu, ni ukaidi tu."

"Marahaba. Mkaidi hangurumi."

Akawaita vijana wawili, wakaja na ufito, wakalichokoa lile lundo kwa mbali. Akainuka swila, shingo imetanuka, akakaa vile kwa muda uliotosha sote kumwona, kisha akateremkia mfereji uliopita chini ya ukuta. Miguu yangu ilikuwa imevaa ndala.

Neno la mzee yule limenifanya nizirudie hadithi nilizozizoea za wanyama wanaoihisi hatari kabla ya binadamu. Wasimulizi wake wametengana kwa bahari na kwa maelfu ya miaka, lakini kuhusu mnyama karibu wote wana kauli moja: anajua. Wanapoachana ni kwa yule aliyeshika kamba. Kuna anayepiga, kuna anayeua, kuna anayeomba dua, kuna anayetulia akasoma. Huyo ndiye ninayetaka kumlinganisha hapa, kwa sababu jioni ile nilikuwa yeye, na nilikuwa katika kundi la wanaovuta.

Nianze na Wagiriki, kwa kuwa sijaona mshairi wa kale aliyewaangalia mbwa kwa makini kumshinda Homer. Wengi humkumbuka Argos, mbwa mzee wa Odysseus aliyelala juu ya samadi, akamtambua bwana wake baada ya miaka 20, kisha akafa. Ni kisa cha machozi, ila ninachokitaka kiko kwingine, bomani kwa Eumaeus mchunga nguruwe, ambako kuna mbwa wanne wakali ambao hata majina hawakupewa. Katika kitabu cha 14 Odysseus anafika pale amevaa matambara ya ombaomba. Mbwa wanamrukia wakibweka. Shujaa wa vita vya Troy anaketi chini na kuiachia fimbo yake ianguke, mpaka Eumaeus anakuja mbio kuwafukuza kwa mawe. Katika kitabu cha 16 anakuja Telemachus, mwanawe Odysseus, kijana wanayemjua. Mbwa walewale wanamzunguka kwa furaha, wala hawabweki. Odysseus yuko ndani, hajamwona mtu. Anasikia nyayo, anaona mbwa wamefurahi, anamwambia mwenyeji wake kwamba anayekuja ni mtu wao. Baadaye katika kitabu hichohicho mungu wa kike Athena anasimama karibu na mlango. Telemachus hamwoni. Odysseus anamwona, na mbwa wanamwona. Hawabweki wala hawatikisi mikia. Wanalia kwa sauti ya chini na kukimbilia upande wa pili wa boma.

Mgeni, mwenyeji, mungu: kwa kila mmoja mbwa wana lugha yake. Na katika boma lile anayezielewa ni mtu aliyetembea sana akateseka sana. Telemachus ni mtoto wa hapohapo, mbwa hao wamemzoea, lakini hasomi kitu machoni mwao. Odysseus amekaa miaka 20 ugenini, na mkia wa mbwa anausoma kama nahodha asomavyo mawingu. Nadhani Homer aliyapanga matukio hayo makusudi. Kabla hajatuonyesha kwamba mtu huyu atawashinda waliomvamia nyumbani, ametuonyesha kwamba anajua kusikiliza viumbe ambao wengine huwarushia mawe.

Balaamu hakujua. Naomba msomaji aniruhusu nimwache mbwa kidogo nimfuate punda, kwa sababu sura ya 22 ya kitabu cha Hesabu ndiyo hadithi inayofanana zaidi na jioni yangu ya Tabata. Mtu huyu ni mwonaji. Mfalme wa Moabu amemwita kwa ahadi ya heshima na mali aje awalaani Waisraeli. Amempanda punda wake jike, yuko safarini, na malaika mwenye upanga uliofutwa anasimama njiani. Punda anamwona, anakwepa kuingia shambani, anapigwa. Mara ya pili wako katika njia nyembamba kati ya mashamba ya mizabibu, kuta mbili zimewabana. Punda anajisukuma ukutani, mguu wa Balaamu unabanwa, anapigwa tena. Mara ya tatu hakuna pa kugeukia, punda analala chini, anapigwa kwa fimbo. Ndipo anafunguliwa kinywa na kuuliza kosa lake.

Mwonaji haoni, na mnyama wake anaona. Wahubiri wengi huishia hapo, nami sitaki kuishia hapo. Kilichonishtua nilipoisoma safari hii ni jibu la Balaamu. Mnyama amesema kwa kauli ya binadamu, na bwana wake hashangai. Anabishana naye, anamwambia amemdhihaki na kwamba angekuwa na upanga angemuua. Hasira imemziba masikio kiasi kwamba hata muujiza ameuchukua kama utovu wa adabu. Naijua hasira hiyo. Kamba ikivutwa upande usiotaka, mtu huona cheo chake kimeguswa, na hapo swali la kwa nini mnyama amesimama huwa limekwisha kufa.

Kiswahili kinatupa tunu hapa. Vinyweleo vya mwilini, vile vinavyosimama mtu akishikwa na hofu, wazee wetu huviita malaika. Malaika amesimama njiani; malaika yamesimama mwilini. Ni maneno mawili tofauti, hilo la vinyweleo lina umoja wake, laika, na la pili limetujia kwa Kiarabu. Hata hivyo sikio la Mswahili haliwezi kuisikia habari ya punda yule bila kuyasikia yote mawili.

Nirudi kwa mbwa, na nirudi nyumbani Tanga. Bibi yangu hakuwa na mapenzi na mbwa. Pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tulionywa kwa ile methali ya kwamba ukicheza na mbwa atakuingilia msikitini. Lakini mbwa wa mtaani wakibweka usiku wa manane, bibi hakugeuka upande wa pili akalala. Aliamka, akasema audhubillahi, akainuka kulikagua komeo la mlango, akatuhesabu kitandani. Kisha akalala.

Miaka mingi baadaye nilikutana na hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillahi. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, anawaelekeza watu kwamba wakisikia mbwa wanabweka au punda wanalia usiku, wajikinge kwa Mwenyezi Mungu, kwa sababu wanyama hao huona wasichokiona wao. Bibi hakuwahi kunitajia mpokezi wala kitabu. Alikuwa ameirithi kama mwendo.

Ndiyo maana siwaafiki wanaosema kwamba dini yetu imemfundisha Mswahili kumdharau mbwa. Kumweka mbali na chombo cha kulia ni jambo moja, kumkatalia ushahidi ni jambo jingine, na bibi aliyatenganisha bila kusoma kitabu. Mbwa wa usiku alikuwa nje ya nyumba na ndani ya imani. Katika sura ya al-Kahf tunamwona mbwa wa vijana waliolala pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na hapo kizingitini ndipo pwani yetu ilipomwacha. Baghdad walikwenda mbali zaidi. Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima kueleza jinsi mbwa walivyo bora kuliko wengi wa wavaao nguo. Humo mna kisa cha nyoka aliyekitia sumu chakula cha maziwa cha mfalme. Mbwa alimwona, akabweka, hakueleweka. Mfalme alipotaka kula, mbwa akarukia chombo akanywa yeye, akafa mbele ya bwana wake.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye ukoo mkubwa wa hadithi ambazo mlinzi hufa. Katika Panchatantra ya Wahindi ni nguchiro: amemuua nyoka aliyekuwa anamwendea mtoto mchanga, anatoka kumpokea mama na damu mdomoni, mama anadhani amemla mtoto, anamuua. Ibn al-Muqaffa alipoileta habari hiyo kwa Kiarabu katika Kalila na Dimna, karne ya 8, mnyama na wahusika walibadilika kidogo, damu ikabaki. Wales wanaonyesha kaburi la Gelert, mbwa wa mwanamfalme Llywelyn, katika kijiji cha Beddgelert. Kwao nyoka amekuwa mbwamwitu. Ufaransa, karibu na Lyon, mbwa aliitwa Guinefort, na huko mambo yalifika mbali. Mtawa Stephen wa Bourbon aliandika katika karne ya 13 kwamba wanakijiji walimfanya mbwa huyo mtakatifu na kumpelekea watoto wao wagonjwa. Mtawa aliamuru mifupa ya mbwa ifukuliwe ichomwe na miti ya mahali pale ikatwe. Watu waliendelea kwenda kwa karne nyingi.

Wasomi wa fasihi simulizi hupenda kufuatilia njia ya hadithi hii kutoka India hadi Wales. Ni kazi njema. Mimi naiona ina kasoro moja inayosafiri nayo kila inakokwenda: mnyama huaminiwa akiwa maiti. Mwanamfalme analia, mama anajigonga kifua, kaburi linajengwa, na msikilizaji anajifuta machozi akijiona ana moyo mwema. Majuto hayo hayajamfundisha mtu kitu cha kufanya kesho kichochoroni. Bibi aliyeinuka kukagua komeo ananifaa kuliko mwanamfalme anayelia juu ya kaburi.

Warumi nao walikuwa na hesabu yao. Wanasimulia kwamba mwaka 390 kabla ya Kristo Wagalia walipanda kilima cha Capitol usiku, kimya, na mbwa hawakusikia. Bata bukini wa mungu Juno ndio waliopiga kelele. Kila mwaka baada ya hapo bukini alibebwa kwa heshima, na mbwa wakatundikwa wakiwa hai. Wajukuu wa mbwa walilipia usingizi wa babu zao. Sina neno jema la kusema juu ya desturi hiyo.

Mfano wa kinyume ninaoupenda ni wa Uholanzi, na mbwa wake alikuwa mdogo kama wetu. Septemba 1572, William wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Wahispania, alikuwa amepiga kambi Hermigny karibu na Mons. Usiku askari wa Julián Romero wakavamia mahema. Walinzi walikuwa wamelala, na William naye alikuwa amelala na mavazi yake ya vita. Kijibwa chake kilichozoea kulala naye kilianza kubweka na kumparua uso mpaka akaamka. Aliwahi farasi, akaponea chupuchupu. Baadhi ya makarani na watumishi wake waliuawa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1584, aliuawa kwa bastola nyumbani kwake Delft na mtu aliyekuwa amekubaliwa kuingia. Kwenye kaburi lake katika kanisa la Nieuwe Kerk mjini humo, mbwa mdogo wa marumaru amelala miguuni pake.

Hapa nauona uzito wa udogo. Mbwa mdogo hamzuii askari. Analoweza ni kukuamsha tu, kwa hiyo thamani yake yote iko kwa anayeamka. Watu wa Tibet walilijua hilo wakaligeuza kuwa mpango wa nyumba: mbwa mkubwa, do-khyi, jina lenye maana ya mbwa wa kufungwa, hukaa nje penye lango, mdogo wa nywele ndefu, ambaye dunia inamwita Lhasa Apso, hukaa ndani, na sikio lake ndilo la kwanza kunasa kisicho cha kawaida. Udhaifu wa mmoja umefunikwa na kazi ya mwenzake.

Waparsi, ambao watu wa Unguja waliwahi kuwa nao kama majirani, katika dini yao ya kale ya Zarathustra walikwenda mahali ambapo sijaona wengine wakifika. Mtu akifa, mbwa huletwa aitazame maiti. Ibada hiyo huitwa sagdid, mtazamo wa mbwa, na anayefaa zaidi ni yule mwenye madoa mawili juu ya macho, anayehesabiwa kuwa na macho manne. Pale ambapo macho ya binadamu yamezibwa na machozi, ushahidi wa mbwa umetengewa nafasi yake ndani ya dini.

Na je, mbwa asiyebweka? Misitu ya Kongo ina mbwa wa kuwinda mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, asiyebweka kama mbwa wengine. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, na kwa mlio wake hujua yuko wapi na anakwendaje. Wameisikiliza miguu yake badala ya koo lake. Wazungu walimchukua miaka ya 1930 wakamwita Basenji, jina litokalo katika lugha za huko na lenye shina moja na neno letu washenzi. Linaniuma hilo. Kwa neno hilo watu wa pwani tuliwabandika watu wa bara dharau, na leo liko kwenye vyeti vya mbwa wa maonyesho London, wakati waliomfuga mbwa huyo walikuwa na ustadi wa kusikiliza ambao sisi tuliowaita hivyo hatukuwa nao.

Sitaki msomaji adhani namtaka ampapase kila mbwa wa mtaani. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mzazi wa Tabata anayemfundisha mtoto kukaa mbali na mbwa koko ana hoja. Lakini mbwa aliyechanjwa, anayejua mtaa wake kwa pua, ni habari nyingine. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapa mbwa wanne jasho na pumzi za watu, kabla na baada ya kuhangaishwa na hesabu ngumu, na mbwa walizitofautisha karibu kila mara. Nikiisoma habari hiyo huwa namfikiria Pilipili upande wa pili wa kamba. Jioni ile alikuwa na harufu mbili za kuzipima, ya swila na ya mwanamke mwenye haraka, na bado alijua ipi ya kuishikilia.

Geti la dada yangu lina kibao cha "Mbwa mkali", kama mageti mengi mjini. Kibao hicho humwonya anayeingia. Anayetoka na mbwa hakuna kibao kinachomwambia kitu, na kama ningeulizwa niandike kimoja upande wa ndani, ningeazima maneno ya yule fundi viatu.

Lundo lile la matofali limeondolewa. Mwenyewe alipata fedha akaendelea na ujenzi. Niliporudi Tabata mwezi wa pili nilimpitisha Pilipili kichochoro kilekile. Alisimama palepale, akanusa ukuta kwa muda mrefu, nami nikasimama naye, kamba imelegea, mpaka alipotangulia mwenyewe.